Subira ya Naitrojeni

Majina ambayo naitrojeni ilipewa na wale walioitambua mwanzo si majina ya heshima. Daniel Rutherford, aliyeitenga na sehemu nyingine za hewa mjini Edinburgh mwaka 1772, aliiona kuwa ni hewa yenye kudhuru, kwa sababu mnyama aliyefungiwa ndani yake hufa na mshumaa huzimika. Lavoisier wa Ufaransa akaiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kisicho na uhai. Na Wajerumani mpaka hivi leo huiita kwa neno lenye maana ya kitu kinachosonga pumzi. Sisi tuliopokea jina jingine, lile lililotungwa na Chaptal mwaka 1790 kwa maana ya chenye kuzaa shura, hatukuurithi utovu huo wa adabu, lakini dhana yenyewe tumeirithi: kwamba robo tatu na zaidi ya hewa, asilimia 78 kwa hisabu ya wanazuoni, ni kitu kizembe, kisichowaka wala kuwasha, kisichoitika kinapoitwa, kinachoingia kifuani na kutoka vile vile kilivyoingia. Dhana hiyo ni ya kweli. Na ajabu ya jambo hili, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu, ni kwamba uzembe huo huo ndio asili ya nguvu kubwa iliyofichika katika misombo ya naitrojeni, kuanzia ile inayosukuma setilaiti angani hata ile inayoufurisha mfuko mbele ya kifua cha dereva gari lake linapogongana na jingine.

Sababu yake ni hii. Atomu ya naitrojeni ikimpata mwenzake mmoja hufungamana naye kwa mafundo matatu, na ufungamano huo ni miongoni mwa ulio imara kabisa katika maumbile: kuyafungua mafundo yaliyomo katika gramu 28 tu za naitrojeni hutaka nishati ipatayo kilojuli 945, yaani takriban nishati ya kuchemsha lita 3 za maji yaliyotekwa mtungini. Lakini atomu hizo hizo zikilazimishwa kushikana kwa fundo moja moja, kama watu walioshikana mikono katika safu, fundo hilo huwa dhaifu mno, lisilozidi sana kilojuli 160. Na yeyote ajuaye kujumlisha ataona mara moja kwamba mafundo matatu yaliyotawanyika hayafiki 500, ilhali matatu yaliyokusanyika baina ya wawili hukaribia 1,000. Kaboni, jirani yake katika jedwali la elementi, tabia yake ni kinyume kabisa: fundo lake moja lina kilojuli 346, na matatu yaliyotawanyika huyashinda kwa nguvu matatu yaliyokusanyika, ambayo ni 835. Ndiyo maana kaboni hupenda minyororo, ikajenga mafuta, sukari, mbao na miili yetu sisi, na naitrojeni ikapenda unyumba wa wawili. Kila mnyororo wa naitrojeni ni upinde uliovutwa. Kila atomu iliyomo inangoja fursa ya kurejea kwa mwenza wake, na siku ya kurejea, tofauti ile ya kilojuli hutoka kwa ghafula, kwa joto na kishindo, na kinachobaki ni hewa ile ile tuliyokuwa tukiivuta bila ya kuijali.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Baruti ya kale, ile iliyopita Unguja kwa mapipa katika karne ya 19 ikielekea bara pamoja na magobori, ilikuwa moto tu, moto uliojibebea hewa yake: makaa na kiberiti ndivyo vilivyoungua, na kazi ya shura ilikuwa kuvipa oksijeni mahali ambapo upepo haufiki. Naitrojeni iliyomo katika shura ilikuwa hamali. TNT, iliyojaza makombora ya vita viwili vikuu, na nitrogliserini, aliyoivumbua Ascanio Sobrero mjini Turin mwaka 1847, nazo ni za ukoo huo huo: ndani ya molekuli moja zimewekwa kuni pamoja na hewa ya kuziunguzia, na naitrojeni imesimama katikati ikizuia visikutane kabla ya wakati. Misombo yenye wingi wa naitrojeni, ambayo ndiyo hasa maudhui ya makala haya, ni ukoo mwingine. Humo si lazima kitu kiungue. Nguvu imo katika mafundo yenyewe, hamali wa jana amekuwa ndiye tajiri mwenye mali, na hata mahali pasipo na oksijeni hata chembe, mnyororo ukikatika nishati hutoka.

Wala msomaji asidhani kwamba wingi peke yake unatosha. Mkulima wa Mbeya au wa Kitale anayelitazama gunia la urea huona limepigwa chapa ya nambari 46, nayo ni asilimia ya naitrojeni iliyomo, ilhali TNT haina hata 19. Na bado gunia hilo hulazwa pembeni mwa nyumba, kuku wakalidonoa, asitishike mtu. Katika urea kila atomu ya naitrojeni imefungwa na kaboni na hidrojeni, vifungo vya starehe, wala hakuna naitrojeni iliyoshikana na naitrojeni mwenzake. Linalohitaji kuulizwa basi ni nani aliyefungwa na nani. Tetrazoli, pete ndogo ya atomu tano ambazo nne ni naitrojeni, ina asilimia 80. Asidi ya haidrazoiki, ambayo ni naitrojeni tatu katika mstari na hidrojeni moja mkiani, hukaribia 98. Na hizo ndizo za kuendewa kwa adabu.

Adabu hiyo watu waliifunzwa kwa viungo vyao. Pierre Louis Dulong, alipoigundua trikloridi ya naitrojeni mwaka 1811, alipoteza jicho na kuumia vibaya mkono. Mwaka uliofuata Humphry Davy wa London, aliyekwisha kupata habari zake, akaijaribu mwenyewe ikamjeruhi macho; na kwa kuwa kwa siku kadhaa hakuweza kuandika, akatafutiwa kijana wa kumwandikia, mwanagenzi wa kujalidi vitabu aliyeitwa Michael Faraday, ambaye mwezi wa Machi 1813 aliajiriwa rasmi na baadaye akawa miongoni mwa wakuu wa elimu ya umeme duniani. Wapo wanaopenda kusema kwamba taa tunazowasha usiku zina deni kwa jicho la Davy. Mimi naona ni kutia chumvi, lakini kisa chenyewe ni cha kweli.

Aliyeufungua mlango hasa ni Theodor Curtius, Mjerumani, aliyepata hidrazini mwaka 1887 na asidi ya haidrazoiki mwaka 1890. Hidrazini ni naitrojeni mbili zilizoshikana kwa lile fundo moja dhaifu, zikazungukwa na hidrojeni nne. Ni majimaji yenye sumu kali, mepesi kupandwa na hasira, na bado yamewahudumia watu kuliko nyingi za jamaa zake. Chombo kilichowashusha Wamarekani juu ya mwezi mwaka 1969, kisha sehemu yake ya juu ikawapandisha tena, kilisukumwa na mafuta ambayo nusu yake ilikuwa hidrazini na nusu ni ndugu yake wa karibu. Na mpaka leo setilaiti nyingi hujigeuza angani kwa hidrazini inayopitishwa juu ya madini ya iridi, ikavunjika papo hapo bila ya kungoja moto wala oksijeni. Hapo ndipo ile tofauti ya koo mbili inapoonekana kwa macho: mahali ambapo hakuna hewa ya kuunguzia kitu, upinde uliovutwa hauhitaji hewa.

Baada ya Curtius, wanakemia wa kazi hii waliota ndoto moja, nayo ni kuifikia naitrojeni tupu, mnyororo au pete isiyo na kaboni wala hidrojeni ya kuipooza. Atomu tatu pamoja zilikwisha patikana mwaka 1890. Tano zikangojwa miaka 109. Karl Christe na wenzake, katika maabara ya jeshi la anga la Marekani huko California, ndio waliotangaza mwaka 1999 ayoni ya naitrojeni tano yenye chaji chanya. Mwaka 2004 Mikhail Eremets na wenzake wa Mainz waliibana naitrojeni baina ya ncha mbili za almasi kwa shinikizo linalozidi la angahewa mara milioni moja, wakaipasha joto kupita nyuzi 1,700 za sentigredi, hata ile hewa nyepesi ikakubali kuwa jiwe ambalo kila atomu yake imeshikana na tatu nyingine kwa fundo moja moja, mithili ya almasi. Kwa hisabu za wanazuoni, jiwe hilo likivunjika hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya TNT kwa uzito ule ule, lakini wenyewe hawakuweza kulitoa nje ya kibanio chake. Mwaka 2017 wakatokea Wachina wa Nanjing na chumvi yenye pete ya naitrojeni tano, ya chaji hasi, iliyostahimili joto hata karibu na nyuzi 117, jambo ambalo wengi walikwisha lihesabu kuwa muhali. Na mwaka 2025 maabara ya Giessen ikatangaza molekuli ya naitrojeni sita, isiyo na chaji yoyote, iliyonaswa katika ubaridi wa nyuzi 10 tu juu ya sifuri halisi. Nayo, kwa hisabu zao, ikiachwa katika joto la chumba nusu yake huvunjika kwa muda wa sehemu 36 hivi za elfu moja ya sekunde, ilhali ikiwekwa katika ubaridi wa naitrojeni ya majimaji nusu hiyo hiyo hungoja miaka 132.

Nambari hizo mbili, sehemu 36 za elfu ya sekunde na miaka 132, naziona kuwa ndizo moyo wa mas'ala yote haya. Nguvu haikubadilika baina ya chumba na jokofu; kilichobadilika ni subira. Na historia ya elimu hii kwa muda wa miaka 200 ni historia ya watu waliokuja kutambua, baadhi yao wakiwa wamechelewa, kwamba nguvu hupatikana kwa urahisi na subira ndiyo ghali. Thomas Klapötke na wanafunzi wake wa Munich walipotangaza mwaka 2011 msombo wenye naitrojeni 14 kwa kaboni 2, asilimia 89 ya uzito wake ikiwa ni naitrojeni, walikuwa wamefikia kilele ambacho wachache wamekifikia. Nao msombo wenyewe uliripuka kwa kuguswa, ukaripuka kwa kusuguliwa, ukaripuka hata kwa mwanga wa ala iliyowekwa kuupima. Wenye elimu walistaajabu, na mimi nastaajabu pamoja nao, lakini sijui ni mali ya namna gani hiyo isiyokubali hata kuhesabiwa na mwenyewe.

Ndiyo maana katika maabara hizi swali la kwanza juu ya msombo mpya huwa juu ya ustahimilivu wake. Uzani huangushwa juu ya chembe zake kutoka kimo kidogo, kisha kimo kikubwa zaidi, mpaka ukasirike. Husuguliwa, hupashwa joto, hupigwa cheche. Majeshi yenyewe yalifunzwa thamani ya jambo hili kwa njia ya aibu. Tarehe 17 Januari 1966 ndege ya Marekani iliyochukua mabomu manne ya hidrojeni ilivunjika angani juu ya kijiji cha Palomares, Hispania, na baruti ya kawaida iliyokuwamo katika mawili yake ikaripuka kwa kuanguka, ikamwaga plutoni mashambani. Na miaka miwili baadaye ukatokea mfano wake juu ya barafu ya Thule, Greenland. Bomu la atomiki halikuripuka kwa namna yake, na hilo ni la kushukuriwa, lakini baruti ya kuliamshia ilikuwa haina subira. Baada ya hapo ndipo Wamarekani waliposhika kutumia katika silaha hizo msombo uitwao kwa kifupi TATB, ambao nguvu yake ni pungufu kuliko ya ule uliotangulia, ila unaweza kupigwa, kuangushwa na hata kuunguzwa bila ya kuripuka. Siri yake imo katika mpango: molekuli zake ni bapa, zimelala tabaka juu ya tabaka kama karatasi katika bunda, na hidrojeni za huku zimeshikana kwa upole na oksijeni za kule, hivi kwamba pigo likija tabaka huteleza moja juu ya nyingine na pigo likapotea bure. Majenerali, ambao si kawaida yao kuchagua silaha dhaifu, walikubali kuchukua iliyo dhaifu ili wapate kulala usingizi.

Hulka hiyo ya kupooza ghadhabu kwa kuipangia ujirani mwema imefika hata katika makasha ya dawa, na hapa msomaji wa pwani anahusika moja kwa moja. Pete ya tetrazoli, aliyoifikia kwanza Bladin wa Uppsala mwaka 1885, imo katika losartani, kidonge ambacho wazee wetu wengi wenye shinikizo la damu humeza kila asubuhi na maji ya vuguvugu. Naitrojeni nne zimo humo zimeshikana mkono kwa mkono, lakini zimefungiwa ndani ya molekuli kubwa ya kaboni kama mtoto mtukutu aliyekalishwa baina ya shangazi wanne, na kazi yao ni kujifanya asidi mbele ya mlango wa chembechembe za mishipa ili mlango usifunguliwe. Ajabu zaidi ni zidovudini, dawa ya mwanzo iliyokubaliwa Marekani dhidi ya virusi vya UKIMWI, mwaka 1987, ambayo akina mama wajawazito wengi wa Afrika Mashariki walipewa ili wasiwaambukize watoto wao: katika molekuli yake kuna azidi, zile naitrojeni tatu za mstari mmoja za Curtius, na ni hizo naitrojeni tatu, zikikaa mahali ambapo virusi vinatazamia kuunganishia kiungo kinachofuata, zinazoukata uzi wake wa kujizalisha. Kitu ambacho katika chumvi ya risasi huwasha fataki za kuamsha baruti, ndicho hicho kilichonusuru watoto. Anayetaka kuzigawa elementi kuwa njema na mbovu hana budi kutafuta kazi nyingine.

Nikiitaja risasi, nitaje kwa haraka hoja nyingine ambayo watetezi wa misombo hii huipenda: kwamba ni safi. Fataki za zamani huacha risasi katika udongo wa viwanja vya kulengea shabaha, na baruti nyingine za kijeshi zimechafua maji ya visima. Ilhali msombo ulio karibu kuwa naitrojeni tupu hauachi kitu ila hewa. Hoja ni ya kweli kwa wachimba migodi na kwa askari wanaofanya mazoezi kila siku mahali pamoja. Kwa anayelengwa na kombora, sioni faraja kubwa katika kuambiwa kwamba moshi wake hauna madhara.

Kazi ya kiraia iliyofaa kabisa ni ule mfuko wa hewa wa gari. Gari linapogonga, kifuko kilichokunjwa ndani ya usukani hujaa kwa muda usiofika sehemu 50 za elfu ya sekunde, na kwa miaka mingi kilichokijaza kilikuwa naitrojeni safi iliyotoka katika azidi ya sodiamu, chembe zisizozidi kujaa kiganja. Kwa kuwa azidi hiyo ni sumu, watengenezaji waliiacha, na baadhi yao wakahamia kwenye misombo ya tetrazoli. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa miongoni mwa hao, lakini mnamo mwaka 2000 ikaiacha tetrazoli kwa sababu ya bei, ikachukua nitrati ya amonia, ambayo ni rahisi sana. Nitrati hiyo hunywa unyevu wa hewa, na joto la mchana likifuatwa na baridi ya usiku, mwaka baada ya mwaka, tembe zake hupasuka zikawa unga. Na unga huwaka kwa kasi kuliko tembe, hata kile chombo cha chuma kikapasuka kwa nguvu na vipande vyake vikamrukia yule aliyekusudiwa kuokolewa. Nchini Marekani peke yake vifaa vipatavyo milioni 67 viliitwa virudishwe, nayo kampuni ikafilisika mwaka 2017. Waliochunguza wamesema kwamba hatari ilizidi katika nchi za joto na unyevu, mfano wa Florida. Kwa kuwa magari yaliyokwisha tumika Japani ndiyo yajazayo barabara za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na kwa kuwa joto na unyevu ni vitu ambavyo Mungu hakutunyima, mwenye gari la miaka hiyo ana haki ya kumuuliza fundi wake, na fundi ana wajibu wa kujua.

Nimefika kwenye nitrati ya amonia, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo inayonipa hoja yangu ukamilifu wake. Kwa mizani ya wanakemia wa Munich au wa Giessen, chumvi hii haistahili hata kutajwa: naitrojeni yake ni asilimia 35, hakuna naitrojeni iliyoshikana na naitrojeni, nguvu yake ni haba, na subira yake ni kubwa hata watu wakaiona kama mchanga. Ilipata wingi wake baada ya Fritz Haber kuonyesha mjini Karlsruhe mwaka 1909 namna ya kuyafungua yale mafundo matatu kwa shinikizo, joto na madini ya kuharakisha, na Carl Bosch akaigeuza njia hiyo kuwa kiwanda huko Oppau mwaka 1913. Kabla ya hapo dunia ilitegemea shura ya jangwa la Atacama, ambayo Chile, Peru na Bolivia walikwisha iwania kwa vita tangu mwaka 1879. Baada ya hapo ilitegemea hewa. Kwa njia hiyo Wajerumani, waliofungiwa bahari na Waingereza, waliendelea kupigana mpaka 1918, na kwa njia hiyo hiyo, kwa makadirio ya wanazuoni, karibu nusu ya binadamu wa leo wanakula. Ni nishati ile ile ya lita 3 za maji: aliyeilipa kiwandani huipokea shambani, au huipokea mahali pengine.

Mfano mmoja wa mahali pengine ni Oppau penyewe. Chumvi mchanganyiko ya nitrati na salfati ilikuwa imegandamana ghalani kama jabali, tani 4,500 hivi, na wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuivunja kwa baruti ndogo ndogo, maelfu ya mara, bila ya kutokea neno. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1921 likatokea neno. Watu zaidi ya 500 walikufa, na shimo lililobaki likajaa maji kama ziwa. Ile desturi iliyosalimika mara elfu ndiyo iliyowaua, kwa kuwa iliwafundisha kwamba subira ya kitu ni sawa na kufa kwake.

Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City, moto mdogo ulianza ndani ya meli Grandcamp iliyopakia mbolea hiyo. Nahodha, akiionea huruma shehena yake isiharibiwe na maji, aliamuru vifuniko vifungwe na mvuke upulizwe ndani ili moto ukose hewa. Laiti ungekuwa moto wa kawaida. Nitrati hubeba oksijeni yake, kama shura ya magobori, na mvuke ulizidi kuipasha joto. Watu wapatao 581 walipotea, na pamoja nao karibu kikosi kizima cha zimamoto cha mji ule waliokuwa wamesimama gatini. Toulouse ikafuata mwaka 2001, watu 31, na kwa sadfa ya ajabu ilikuwa tarehe 21 Septemba, miaka 80 kamili tangu Oppau.

Misombo mikali, yenye kuripuka kwa kutazamwa, haijafanya msiba hata mmoja unaokaribia hii. Anayeishika huishika kwa uchache, nyuma ya kioo kinene, kwa mkono uliovikwa ngozi, akijua kwamba haina huruma. Hicho kipole ndicho kilichoua miji, kwa sababu kwa upole wake hurundikwa kwa maelfu ya tani na kukabidhiwa mtu ambaye hakuambiwa ni nini. Wenye viwanda wamefanya sehemu yao: mbolea ya CAN tunayowekea mahindi yakishafika magotini imechanganywa na chokaa makusudi, na chokaa hiyo ni subira iliyonunuliwa, kama ule mpango wa tabaka katika TATB. Iliyobaki ni sehemu ya ghala, ya karani, ya hakimu na ya bandari.

Ya Beirut tunaijua sote kwa picha: tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 zilizolala ghalani karibu miaka sita, barua za forodha kwenda kwa mahakimu zisizopata jawabu, na watu zaidi ya 200 waliokufa. Lisilojulikana sana huku kwetu ni kwamba shehena ile haikuwa ya Beirut. Meli Rhosus iliipakia katika bandari ya Batumi, Georgia, mwaka 2013, iipeleke Beira, kwenye pwani yetu hii hii ya Msumbiji, kwa kiwanda cha baruti za kupasulia miamba. Ikapita Beirut kuongeza mzigo ipate fedha za kuvukia Suez, ikazuiwa kwa ubovu na madeni, mwenyewe akaitelekeza, na shehena ikapandishwa ghalani. Meli yenyewe ilizama pale pale bandarini mwaka 2018, na Beira haikufika.